Besi ya Tanga: Huyu Jamaa Ambaye Jina Lake Halikuandikwa Popote

Huyu jamaa hakuwahi kuwa staa. Kwenye picha za bendi za zamani mara nyingi unamkuta nyuma, pembeni ya mpiga dramu, wakati waimbaji na mpiga solo wamejaa mbele na mashati yao ya maua. Kwenye lebo ya santuri palikuwa na nafasi ya jina la wimbo, la mtunzi na la bendi, basi. Yeye hayumo. Muulize mtu wa Tanga mwenye umri wa kutosha nani aliimba Black Star, atakutajia Shakila kabla hujamaliza swali. Halafu muulize nani alikuwa anapiga besi. Hapo ndipo mzee anaanza kukuna kichwa.

Sasa cheki maajabu. Hilo jambo linalowatesa maprodyuza wa leo wenye laptopu na spika mbili juu ya meza, yaani biti inagonga vizuri chumbani halafu ukiipiga kwenye bajaji besi inavuma mpaka vioo vinatetemeka, au ukiipiga kwenye simu besi haipo kabisa, huyu jamaa alikuwa ameshapambana nalo miaka sitini iliyopita. Alipambana nalo bila kompyuta. Na sehemu kubwa ya mapambano yenyewe yalitokea Tanga.

Kwanza ujue Tanga ilikuwa mji wa namna gani. Leo watu wanaongelea mji uliotulia, baiskeli nyingi, watu hawana haraka. Lakini kuanzia miaka ya 1950 mpaka katikati ya 1960 pale palikuwa na hela, na hela yenyewe ilikuwa mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho nchi haijawahi kukifikia tena, na mashamba makubwa yalitapakaa kandokando ya reli kutoka Tanga kwenda Muheza na Korogwe. Mashamba yalileta vibarua kutoka kila kona. Wamakonde, Waha, Wanyamwezi, wote walikuja na ngoma zao. Ndiyo maana moja ya bendi kubwa za mji, Jamhuri Jazz, ilianza ikiwa na jina la Wanyamwezi kabla ya kuwa Jamhuri. Upande wa pili walikuwepo Atomic Jazz. Mji mmoja, bendi mbili kali, mashabiki hawaelewani. Kama ulidhani timu za mastaa zimeanzia Instagram, pole.

Kwenye bendi hizi za dansi besi ya umeme iliingia kama ilivyoingia kila mahali. Fender walitoa besi ya kwanza ya umeme iliyouzwa kwa wingi mwaka 1951, na kabla ya hapo kazi ile ilifanywa na lile dude kubwa la kusimama, refu kuliko mpigaji. Kwa dansi hilo halikuwa jambo la kushangaza. Kilichoshangaza ni taarabu.

Taarabu ya Unguja ilikuwa ya okestra. Klabu kama Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijenga muziki wake kwa kuitazama Misri: udi, ganuni, fidla kibao, na chini kabisa besi ya kusimama ikivutwa kwa vidole. Ni muziki wa watu kukaa vitini, kutunza waimbaji na kutikisa kichwa kwa adabu. Tanga wakaona hapana. Kwenye miaka ya 1960 Black Star Musical Club walikuja na kundi dogo, gitaa la umeme, besi gitaa na mapigo yenye harufu ya rumba na chacha. Watu wakainuka vitini. Baadaye kundi likagawanyika wakazaliwa Lucky Star, na Shakila binti Said, aliyetokea Pangani, akaimba kote kuwili kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alifariki Agosti 2016, na magazeti yote yaliandika sauti yake. Haki yake kabisa. Lakini zisikilize tena nyimbo zile ukiwa umevaa hedifoni na uelekeze sikio chini ya sauti yake. Pale chini kuna mtu anatembea. Hapigi noti moja na kukaa, anapanda na kushuka, anajibizana naye. Mtindo huo wa Tanga ulisambaa hadi Mombasa, na anayesema taarabu ya kisasa ilianzia kwenye vinanda vya miaka ya 1990 anaruka ukurasa mzima wa historia.

Tatizo likaja kwenye kurekodi.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Studio ya maana ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na ile kazi yake ilikuwa kurekodi kwa ajili ya matangazo. Ukitaka santuri, unavuka mpaka wa Horohoro. Na kwa mtu wa Tanga hiyo haikuwa safari ngumu, maana Mombasa iko karibu zaidi kuliko Dar. Bendi inapanda gari na vyombo vyake, inaenda Mombasa au Nairobi, inarekodi nyimbo kadhaa kwa siku chache, inarudi kusubiri santuri zifike.

Lakini santuri ina roho mbaya na besi. Sauti kwenye santuri ni mfereji uliochongwa kwenye plastiki. Sauti nyembamba inachonga mtikisiko mdogo, sauti nzito inachonga mtikisiko mpana sana. Ukiiachia besi ijitanue inavyotaka, mfereji mmoja unagonga wa jirani yake, muda wa wimbo unapungua, na kwenye gramafoni ya bei rahisi sindano inaruka kabisa. Ndiyo maana wachongaji duniani kote walikuwa wanaipunguza besi kabla ya kuchonga, halafu gramafoni inairudisha wakati wa kupiga. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, mpaka mwaka 1954 kanuni moja ya RIAA ya Marekani ilipoanza kukubalika. Chini kabisa, kwenye hezi 20, besi inapunguzwa kwa karibu desibeli 20. Kwa lugha ya mtaani, nguvu inayobaki ni kama moja ya mia. Sasa kama gramafoni yenyewe ni ya betri na spika yake ni ndogo kama sahani ya chai, inairudisha kwa kutumia nini?

Redio nayo ilikuwa hivyohivyo. Watu walisikiliza mawimbi ya kati na mafupi kwenye vijiredio vya betri, vingine vimefungwa mpira wa baiskeli visisambaratike. Noti ya chini kabisa ya besi gitaa inatikisika mara 41 kwa sekunde. Kijiredio kile hakiwezi kutoa mtikisiko huo hata ukikiomba kwa dua. Kumbe basi watu walikuwa wanasikiaje besi?

Hapa sikio la binadamu ndilo linalofanya uchawi. Uzi wa besi ukiugonga kwenye noti ya A ya hezi 55, hautoi 55 peke yake. Unatoa na 110, 165, 220, 275, 330 na kuendelea, zote kwa pamoja, kila moja imeachana na mwenzake kwa 55. Spika ndogo inazipoteza za chini, inapitisha za juu. Sikio likipata 330, 385 na 440 linagundua mwachano ule, na ubongo unajaza wenyewe ile 55 ambayo haipo. Unasikia besi ambayo spika haikuitoa. Kwa hiyo mpiga besi aliyetaka asikike alipaswa kupiga kwa namna itakayotoa hizo sauti za juu kwa wingi: uzi uvutwe kwa nguvu, noti ziwe wazi na fupi, mdundo upande mpaka nyuzi nyembamba, na melodi iwe na sura yake ambayo masikio yanaweza kuifuata. Hakuna aliyewafundisha hesabu hii. Walisikia kazi yao ikipigwa kwenye redio ya jirani, wakajua nini kimepita na nini kimepotea.

Mfano mzuri kuliko yote ulitoka kwa vijana waliopitia Tanga. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wawili, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, na mwaka uliofuata wakavuka hadi Mombasa ambako bendi yao ikawa Simba wa Nyika. Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Wapigaji kadhaa waliwaacha wale ndugu na kuanzisha Les Wanyika, na mmoja wao alikuwa Tom Malanga, mpiga besi. Angalau huyu jina lake tunalo. Wimbo wao wa "Sina Makosa" ulitoka mwaka uliofuata na mpaka leo hakuna harusi ya pwani inayoisha bila huo wimbo kupita.

Chukua simu ya bei yoyote uupige sasa hivi. Besi ipo. Unaweza kuiimba kwa mdomo kuanzia mwanzo. Halafu upige kwenye spika kubwa za ukumbini: besi bado ipo palepale, haijavimba, haijaua sauti za waimbaji. Ni kazi ya mwaka 1979, na kuna ngoma zimetoka wiki iliyopita zikiwa na bajeti ya video ya milioni kadhaa ambazo haziwezi kupita mtihani huo. Hilo si tusi, ni kitu cha kupima mwenyewe.

Katikati ya hadithi hii mpaka ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa bendi za Tanga hiyo ilikuwa kama kukatiwa umeme. Waliokuwa upande wa Kenya walibaki huko, wa huku walibaki na RTD. Mkonge nao ulikuwa umeshaporomoka bei mbele ya nyuzi za viwandani. Zikaja kaseti, zikanakiliwa mpaka nakala ya nakala ikawa inasikika kama mtu anaimba ndani ya shuka. Zikaja redio kubwa zenye kitufe cha kuongeza besi, watu wakazoea besi ya kuvuma. Vinanda vikachukua kazi ya mpiga besi kwenye taarabu ya mipasho. Halafu kompyuta zikaingia, kisha programu kama FL Studio, na ghafla yule jamaa wa nyuma ya jukwaa akawa hahitajiki tena. Besi ikawa mstari unaochorwa kwa mausi.

Kazi yake ilibaki hata hivyo. Ilihamia kwa prodyuza, na prodyuza alikuwa chumbani kwake.

Na chumba chenyewe tunakijua: kumi kwa kumi. Futi kumi huku, futi kumi kule. Iwe Ngamiani kwenye zile barabara za namba, iwe Makorora au Mikanjuni, chumba cha kupanga ni kilekile. Sauti inasafiri kama mita 349 kwa sekunde kwenye joto la Tanga la nyuzi 30. Futi kumi ni mita 3.05. Sauti ambayo nusu ya wimbi lake inaingia sawasawa kati ya kuta mbili za chumba hicho ni ya hezi 57. Hapo inagota ukutani, inarudi, inajikuta, inasimama. Ukutani na kwenye kona inanguruma. Katikati ya chumba inajiua yenyewe. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta zile nyingine mbili zinafanya kosa hilohilo kwenye hezi hiyohiyo. Hezi 57 iko katikati ya A na B-fleti, mahali ambapo kiki na besi za Bongo Flava zinapenda kuishi.

Sasa prodyuza ameweka meza yake katikati kwa sababu ndipo pana nafasi. Anasikiliza, anaona kiki yake ina kifua ila haina tumbo. Anaongeza chini. Bado. Anaongeza tena. Anamtumia msanii, msanii anaipiga kwenye gari, simu inapigwa saa nne usiku: "Bro, hii besi vipi?" Msanii hajui habari za hezi 57. Anachojua ni kwamba ngoma mbovu, kesho anahamia kwa prodyuza mwingine, mara nyingi wa Dar. Hela imeondoka, na jina la Tanga limeondoka nayo. Ndivyo mji uliotia besi kwenye taarabu unavyosifiwa kwa kutoa mastaa wa maiki, wakina Wagosi wa Kaya, Mwana FA na Roma, huku watayarishaji wa mtaani wakionekana hawajui kazi kumbe wamekaa tu mahali pabaya.

Inachekesha kwamba nyumba za zamani za Kiswahili zilikuwa na huruma zaidi. Ukuta wa miti na udongo unatikisika kidogo besi ikiugonga, na ukitikisika unakula sehemu ya nguvu. Paa halina dari, sauti nzito inapanda juu ya kuta na kuondoka zake. Tofali la saruji halina mchezo huo, linarudisha karibu kila kitu. Matokeo yake, kwenye nyumba ya zamani mtu aliyekuwa anaisikia besi sawasawa kuliko fundi ni jirani wa chumba cha pili, na usiku huyo jirani alikuwa anagonga ukuta.

Halafu kuna trei za mayai. Nani aliwadanganya watu? Ingia studio ya nyumbani yoyote, ukuta mzima umepandwa trei. Trei ya mayai inapunguza kidogo sauti za juu, zile za "s" na za hi-hati. Kwa besi haifanyi chochote. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6.1, linaipita trei kama lori linavyopita juu ya njugu. Ukibandika trei na mapazia mazito tu, unaua juu, unaacha chini inanguruma, chumba kinakuwa kibaya kuliko kilivyokuwa. Kinachozuia sauti nzito ni unene. Godoro la nchi mbili lililosimamishwa ukutani ni pambo. Kitu chenye nyuzinyuzi, kinene hata futi moja na nusu au mbili, kikiwa kwenye kona kuanzia sakafuni mpaka juu, hicho kinaanza kufanya kazi, kwa sababu kwenye kona ndipo besi inapojikusanya.

Na Tanga inakosa vitu vyote ila si nyuzinyuzi. Mkonge upo. Usumba wa nazi upo, watu wameujaza kwenye magodoro na makochi enzi na enzi. Nyuzi za mimea zinakula sauti kwa njia ileile kama pamba maalumu za studio zinazoagizwa nje: hewa inajipenyeza kati ya nyuzi, inasuguana, nguvu inageuka joto kidogo sana. Zijazwe kwenye fremu ya mbao, zifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa. Ziwe kavu, maana unyevu wa pwani unaleta ukungu, na zikae mbali na nyaya za umeme, maana zinashika moto. Hela iliyokuwa inaenda kwenye spika mpya inabaki mfukoni, kwa sababu spika mpya kwenye chumba kilekile inatoa tatizo lilelile kwa sauti safi zaidi.

Kusogeza meza ni bure kabisa. Kwenye chumba cha kumi kwa kumi kichwa kikae karibu futi nne kutoka ukuta wa mbele badala ya tano. Futi moja tu. Hapo hezi 57 inaanza kurudi. Anayetaka kuona kwa macho ipo programu ya bure ya Room EQ Wizard: maiki ya kupimia na dakika kumi, mlima na bonde la chumba vinachorwa kwenye skrini.

Mengine ni tabia. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio linaikosa besi sauti ikiwa ndogo na linaipata sauti ikipanda. Kwa hiyo anayemiksi kwa kelele usiku kucha anaona besi imejaa, anaipunguza, asubuhi wimbo umekonda. Sauti iwe ya kiasi ambacho watu wanaweza kuongea juu yake, na isiguswe-guswe. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na mngurumo wake ukiingia kwenye nyaya mbovu unakaa karibu kabisa na noti ya G ya chini, hezi 49. Ngoma ya G yenye mngurumo huo itakuonyesha besi ambayo hukuipiga. Na pangaboi lizimwe wakati wa kusikiliza, joto au si joto.

Kisha ile ya simu, ambayo yule jamaa asiye na jina alishaijibu kwa vidole. Besi za kisasa zilizotokana na Roland TR-808 ya mwaka 1980 ni karibu sauti moja tupu, haina wenzake wa juu. Spika ya simu ikiipoteza 55 haina kingine cha kupitisha, na sikio halina pa kushika. Ndiyo maana mafundi wanaikwaruza kidogo kwa makusudi, ili ile 110 na 165 na 220 zizaliwe, au wanaweka chini yake besi nyingine yenye uzi halisi. Wapo wanaoenda mbali zaidi na kumtafuta mpiga gitaa la besi wa kweli. Kwenye bendi za taarabu za pwani bado wapo, wanakaa nyuma kama kawaida, na ukiwapigia kuhusu kazi ya studio wengi wao swali la kwanza ni kama wimbo una mahali pa kutembea.